Mbuzi wa Watu na Ufunguo wa Raksha

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Ufunguo ule ni wangu. Bado sijapewa, lakini ni wangu.

Daktari Nyaboth, yule wa kliniki ya wanyama pale Hai Mauna, hapa Juba, amepata raksha mpya, bajaji ya magurudumu matatu, ya kukimbilia wanyama walioumia na waliotupwa. Nyeupe, mbwa amechorwa ubavuni, juu kuna king'ora. King'ora! Ijumaa atamkabidhi ufunguo mmoja wetu: mimi Semei, mwendesha boda wa New Site, au Apollo, mwendesha boda wa New Site mwenye glavu. Anataka mtu mwenye jicho la kumtambua mnyama aliye taabuni na mkono wa kumbeba taratibu.

Tatizo dogo. Jana kanisani nilishasema kazi nimepata. Mama Namutebi, kiongozi wa akina mama wa maombi, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu mbele ya watu wote. Na mama yangu kule Iganga, Uganda, anajua niko idara ya matibabu. Majirani zake wote wanajua. Nikiukosa ufunguo huu, sijui uso nitauficha wapi.

Jumanne, 11 Novemba

Mnyama mwenye shida, ukimtaka humpati. Mtaa mzima wa Jebel mbwa wamenona.

Apollo naye kapata mmoja kirahisi tu, langoni kwa khawaja, mzungu aliyemaliza mkataba akapanda ndege. Mbwa wa watu bado alikuwa anamngoja, mbavu zote nje. Daktari alifuta machozi. Mbwa mwenyewe haelewi ila Kiingereza, na Kiingereza cha Apollo nakijua, kwa hiyo nimefarijika kidogo. Wamemwita Biskuti.

Mimi nilipata paka chini ya meza ya muuza samaki. Nikamweleza kwa upole kwamba nimekuja kumwokoa. Akanirarua mkono. Daktari aliuosha kwa sabuni na maji muda mrefu, huku ananisema, kisha akanituma hospitali nikachomwe sindano za kichaa cha mbwa. Yaani mgonjwa wa kwanza niliyemfikisha kwenye matibabu ni mimi mwenyewe. Apollo aliuliza kama huyo naye anahesabiwa.

Muuza samaki anasema paka ni wake.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempata! Mbuzi dume, mweupe na kahawia, mkubwa, amelala peke yake kando ya barabara hapa New Site. Hana kamba, hana mtu. Kwetu Iganga mbuzi anafungwa kwenye kigingi. Mbuzi anayezurura hivi ama amepotea ama ameibwa. Macho kayafumba nusu, taya linacheza. Nikajua huyu anazimia.

Kumpakia kwenye boda kulichukua nguvu, na mguu wake ulichanika kidogo kwenye chuma cha kiti. Njia nzima watu walinipungia mikono na kunipigia kelele kwa Kiarabu cha Juba. Nami niliwapungia. Inapendeza watu wakithamini kazi.

Daktari aliuliza kama nina hakika hana mwenyewe. Nikasema nilimkuta analia. Akamshona mguu, akamchoma sindano ya dawa ya vidonda, akasema nina jicho. Alisema mbele ya Apollo! Usiku huu nimejizoeza mlio wa king'ora kwa mdomo mpaka jirani akagonga ukuta.

Mbuzi nimempa jina Baraka.

Alhamisi, 13 Novemba

Baraka ana jina lingine. Ana nyumba pia.

Asubuhi alifika kliniki mzee Majur, mrefu, mpole, fimbo mkononi. Akaeleza kwamba mbuzi wake hutoka mwenyewe kila asubuhi na kurudi mwenyewe kila jioni, kama mbuzi wote wa mtaa, na New Site yote inamjua. Kesho wakwe wanakuja kuzungumza ndoa ya binti yake. Mbuzi ndiye mlo wao. Kisha akanigeukia.

"Ya akhui, ndugu yangu, mbuzi yangu iko na nyumba. Wewe iko na macho?"

Daktari akamwambia pole pole kwamba nyama ya mbuzi aliyechomwa dawa ile hailiwi mpaka dawa itoke mwilini, na kesho ni mapema mno. Mzee akakaa chini. Hakugomba. Aliuliza tu wageni atawaambia nini. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto.

Nikampa mbuzi wangu wa Krismasi, aliyefungwa kigingini maisha yake yote bila kumsumbua mtu.

Ijumaa, 14 Novemba

Kwa mzee Majur. Nilipewa kazi ya kuwanawisha wageni mikono, na kila niliyemnawisha aliomba nimsimulie habari ya mbuzi upya. Bwana mkubwa mmoja upande wa wakwe alicheka hadi akamwaga maji. Ndoa wamekubaliana. Baraka alikuwepo, amefungwa bendeji, anakula maua ya jirani.

Daktari na Apollo walialikwa pia, na Apollo alimleta Biskuti. Biskuti akaiba mfupa, ukamkwama kooni. Apollo na glavu zake akaganda. Mimi nilimkumbatia mbwa, nikamfunika taulo, nikamnong'oneza Kiingereza chote nilichosoma shuleni, hata majina ya mito. Akatulia. Daktari akauchomoa mfupa.

Kisha akatoa ufunguo. Akampa Apollo.

Mimi, alisema, niwe nakaa nyuma na wagonjwa, kwa sababu wananitulia. Akaongeza kwamba kuokota nisiokote chochote bila kuuliza majirani. Niliapa. Biskuti alinilamba sikio, na nikasikia furaha ambayo sikuipanga.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemweleza Mama Namutebi kwamba mkuu wa wodi hukaa nyuma, dereva ni mtu wa kawaida tu. Ameshukuru upya. Iganga wameshapigiwa simu.

Sasa hivi niko nje ya kanisa. Kuna punda amesimama peke yake juani. Amefungwa mkokoteni, mapipa ya maji yamejaa, mwenyewe hayupo. Macho kayafumba nusu. Maskini, anazimia akiwa wima. Majirani wa kuuliza siwaoni, wote wako kwenye ibada. Nimempigia Apollo alete raksha, na aje na king'ora.

Naandika haya nimeshika hatamu. Kuna mtu anakuja mbio kutoka dukani, anapunga mikono yote miwili. Nami nimempungia.