Kisima Kimehamia Jimbo la Pili

Habari ikisomwa redioni saa moja, Jafari Taarifa huifikisha kijiweni saa moja na dakika tano. Asubuhi hiyo alifika na kandambili moja tu, ya pili imebaki njiani.

"Jimbo limekatwa," akasema. "Vipande viwili. Mpaka ni barabara hii hii ya Kilambo. Huku tulipo kaskazini, kule ng'ambo kusini."

Bi Mwanakombo, mwuza kahawa, aliacha kupepea makaa. Akatazama ng'ambo ya barabara. Hatua arobaini tu hadi kisimani, na ndoo yake tupu ipo kwenye foleni tangu alfajiri. Kisha akamtazama Hemedi Kufuli, mwenyekiti wa kamati ya maji, anayeuvaa ufunguo wa pampu shingoni hata akienda msikitini.

Hemedi alikohoa. "Sasa hapo utaratibu ni utaratibu. Kisima tuliletewa na mbunge, kwa wananchi wa jimbo lake. Kuanzia leo maji ni ya kusini."

"Tuliletewa lini?" akauliza Custodio kutoka mwisho wa benchi. "Tumeahidiwa miaka kumi na tano, pampu ikafungwa siku nne kabla ya kura."

"Imefungwa, Custodio. Usihesabu siku."

"Na mimi unaniweka wapi? Nyumba yangu iko kusini, choo tulichimba kaskazini maana kule kuna mwamba. Nikibanwa niombe kibali? Marehemu baba alivuka Ruvuma kwa miguu yake ndipo akawa Mtanzania. Mimi mpaka umenivuka nimelala."

Benchi zima likacheka, Hemedi naye, kidogo.

"Jimbo lenyewe lilikuwa halisomeki," akasema Jafari. "Linaanzia kwenye mikoko, linapita minazini, linapanda mikoroshoni, halafu linateremka tena mtoni. Kama kanzu iliyoanikwa juu ya miiba. Mbunge atalizunguka vipi?"

"Ndiyo maana hajalizunguka," akasema Custodio.

"Semeni mtakavyo," Hemedi akajibu, "jimbo hili halitangitangi. Tulimchagua baba, tukamchagua mtoto, sasa tuna mkwe. Sisi tukishika mtu tumeshika."

Bi Mwanakombo alimmiminia Custodio kikombe. "Hatukuanza leo, wanangu. Enzi za chama kimoja walisimama wawili, mmoja picha yake jembe, mwingine nyumba. Baba yangu akapigia jembe. Na yule wa nyumba ni ndugu yake, tumbo moja."

"Kisa?" akauliza Custodio.

"Alisema nyumba anayo. Jembe ndilo lililovunjika mpini."

"Akaletewa jembe?"

"Alikufa anangoja."

Hemedi alisogeza kikombe chake. Bi Mwanakombo akainamisha dele la kahawa, likatoa matone matatu na masimbi ya chini.

"Imekwisha," akasema. "Na maji ya kupikia nyingine yamehama jimbo. Nikafukue maji bondeni, nirudi adhuhuri, nani atakuwa hapa?"

Kwa kahawa hiyo alikuwa anasomesha wajukuu wawili, na wote pale wanawajua kwa majina.

Akakaa, akakunja khanga magotini. "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia wote, Hemedi akiwatangulia.

"Nina mgeni wangu, haji ila mara moja kwa miaka mitano. Akija ananiita mama. Anakula kuku wangu. Akiondoka ananiachia kofia."

Jafari alifungua mdomo, Custodio akamkanyaga ule mguu usio na kandambili. "Mwache mwenyekiti ajibu."

Hemedi alivua kofia yake ya kampeni taratibu, akaikalia. Jibu alikuwa nalo. Kuku wale aliwakamata yeye mwenyewe, na mgeni alimpeleka yeye. Kulitamka mbele ya watu ndiyo kazi.

"Ni mvua," akasema.

"Mvua haili kuku."

"Basi popo."

"Popo gani amewahi kuniita mama?"

Jasho likamtoka, na jua lilikuwa bado halijapanda. "Nimeshindwa, Bi Mwanakombo."

"Nipe mji."

"Chukua Lindi."

"Lindi sina ndoo."

"Chukua Dar es Salaam."

"Huko ndiko alikokwenda mgeni wangu, hajarudi. Nipe kusini. Yote, kuanzia pale ilipo foleni."

Hemedi akamtazama Jafari amsaidie.

"Mji ukiombwa mbele ya watu unatolewa," Jafari akasema. "Wewe mwenyewe ulininyang'anya Masasi mwaka jana, nikakaa kimya."

Hemedi aliinamisha shingo, kamba ikatoka, ufunguo ukaingia kiganjani mwa Bi Mwanakombo. Mama akavuka barabara polepole, kama mwenye mji wake. Akafungua kufuli, waliokuwa kwenye foleni wakampisha, pampu ikalia mara mbili kabla ya kutoa.

"Nimefika mji wangu," akaita kutoka ng'ambo. "Wenyeji wamenipokea vizuri. Sasa niwape jibu?"

Hemedi aliinuka kidogo, akaivuta ile kofia, akaisokomeza mfukoni.

"Usijisumbue, Bi Mwanakombo," akasema. "Wewe chota tu."