Fisi Wangu Alivyoingia Japani

Wenzangu wa mtaa wetu wa Najma, hapa Qatar, leo nimejianika!

Mnajua nimeosha vyombo kwenye ule mkahawa wa Kijapani hadi vidole vimekunjamana. Leo Madam Liza, msimamizi wetu, akaniita. "Mercy, leo utahudumia meza moja. Ukifaulu, sinki basi." Nusura nimkumbatie!

Sasa, pale kwetu chakula hakiendi mezani hivi hivi. Kila sahani ina ngano yake ya Japani, na mhudumu lazima aisimulie. Yangu ilikuwa ya mbweha anayejigeuza binti mrembo. Sahani yenyewe ni vifuko vya tofu vya kukaanga, ndani wali wa machboos, ule wa viungo wa hapa Qatar. (Japani na Qatar zimeoana humo. Mahari msiniulize.) Ngano yenyewe niliikariri njia nzima kwenye basi.

Mezani nikamkuta nani? Mzee wa Kijapani na mkewe! Wenye ngano yao wenyewe! Nikajikaza.

"Paukwa!"

Wakanitazama. Nikawafundisha kujibu "Pakawa!" na wakajibu vizuri tu. Nikaanza. Mbweha akajigeuza binti, akachumbiwa na mkulima, halafu...

Halafu sikumbuki kitu! Madam yuko nyuma yangu, mikono kifuani. Lakini mimi nimelelewa na nyanya Kakamega, na kwake hadithi haiachwi njiani. Nikaendelea na nilichokuwa nacho.

"Siku ya harusi, akaja fisi."

(Ndiyo. Fisi.)

Fisi akala nyama yote ya wageni, akavimba, akakwama mlangoni. Bibi harusi akasukuma, akasukuma, hadi mkia wake wa mbweha ukachomoza chini ya gauni! Na kwa kuwa hadithi bila kuigiza si hadithi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia, makalio juu, nimekwama kama fisi mwenyewe, mzee aliponiuliza kwa upole:

"Samahani, binti. Fisi, Japani?"

Nikamgeuzia shingo.

"Alikuja kwa viza ya matembezi," nikajibu, bado niko chini.

Mzee alicheka hadi mkewe akampigapiga mgongoni. Madam hakucheka.

"Mercy. Sinki."

Basi nimerudi kwenye sinki, na sijuti hata kidogo. Hadithi niliimaliza hapo hapo zuliani, na sahani yao ilinijia haina hata punje ya wali.

Haya, chekeni. Fisi wangu keshafika Japani, nyinyi bado mko Najma.