Uzinduzi wa Vitambuzi vya Barafu, Ziwa Skogmo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kaunti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti wa Kamati ya Barafu, Maegesho na Supu, ambaye pia ni mimi mpaka apatikane mwingine. Wachungaji wetu wawili wa Kilutheri, mliokubali leo kusimama pamoja. Malkia wa Samaki wa mwaka jana na mama yake. Wavuvi, wake wa wavuvi, na mbwa mliokuja bila mwaliko: nawasalimu kwa niaba ya maendeleo. (Makofi ya glavu. Hayasikiki.)

Nina heshima, niliyojipa mwenyewe, kuzindua rasmi Mfumo Jumuishi wa Vitambuzi vya Barafu, yaani vifaa vidogo kama kizibo cha chupa, vinavyofukiwa barafuni, vinavyotumia betri kwa uchoyo zaidi kuliko bibi yangu alivyotumia sukari, na ambavyo havipigi kelele kama redio, bali kila kimoja humnong'oneza jirani yake tu, jirani kwa jirani, mpaka habari inifikie hapa ufukweni na taa hii iwake nyekundu iwapo barafu imekonda. Muda uliobaki vinalala, utaratibu ambao ofisi yangu imeutekeleza kwa miaka mingi bila msaada wa teknolojia. (Kicheko kimoja. Kinageuzwa kikohozi.)

("We Duane! Kibanda changu cha kuvulia kiko kule katikati ya ziwa, juu ya barafu, na Jumatatu sheria inataka kiwe kimeondoka kabla haijayeyuka. Niende na lori kukivuta, nisiende?" Ni Arvid Tollefsrud.)

Swali zuri, Arvid, na nitalijibu kwa upana wake. Asilimia tisini na saba ya malori yaliyozama ziwani humu yalizama bila takwimu. Chini ya uongozi wangu, hakuna lori litakalozama tena bila takwimu! (Makofi.)

("Achana na takwimu, Duane. Kaka yangu tulimvuta humu kwa kamba, amekwisha kufa. Sasa namhofia mume wangu. Barafu inabeba au haibebi?" Ni Verna, mke wa Arvid.)

Verna, uchungu wako umeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Taa haijawaka. Isipowaka, ni salama.

("Kama ni salama, mbona wewe uko kwenye nyasi na sisi umetupanga huku kwenye barafu?")

Itifaki, Verna. Kipaza sauti hakitaki unyevu. Sasa kaulimbiu: nikisema "Kifaa kidogo," mnaitikia "Usalama mkubwa!" Kifaa kidogo! (Krrrak, chini ya miguu yao.) Hapana, "Usalama mkubwa."

(Hakuna anayesogea, kwani kumwacha mtu katikati ya hotuba ni utovu wa adabu. Verna anamnong'oneza Arvid, Arvid anamnong'oneza mchungaji mmoja, naye, kwa mara ya kwanza tangu wagombane juu ya birika la kahawa, anamnong'oneza mwenzake. Kisha umati unatembea polepole mpaka kwenye nyasi, ukiomba radhi.)

Nawashukuru sana. Kusema kweli vifaa havijaagizwa, na taa hii ni ya breki ya gari la shemeji yangu, haijaunganishwa na kitu. Lakini mmejionea wenyewe: mmekaribiana, mmetumia nguvu kidogo, mmenong'onezana jirani kwa jirani, na habari imenifikia ufukweni. Jaribio limefaulu! Mwakani mjipange palepale.

("Na kibanda changu?")

Kibanda chako, Arvid, kimebaki kazini kama kitambuzi. Kikizama, utujulishe.