Siku Niliyolazwa Nikiwa na Miaka Sita

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa chuo, Bibi Mwanamkuu, ametangaza leo. Kuna somo jipya: namna muuguzi anavyozungumza na watoto na vijana. Anatafuta mkufunzi wa kulisimamia. Alhamisi atatazama vipindi viwili, changu na cha Paskazia, kisha ataamua. Nastahili mimi. Nimefundisha kufunga vidonda hapa tangu jengo halijapakwa rangi. Paskazia amehamia juzijuzi kutoka Kigoma. Wanafunzi wanampenda eti anasikiliza. Hata ukuta unasikiliza.

Nina mpango. Nitamleta Zuwena, mtoto wa dada yangu anayekaa mtaa wa Ng'ambo. Ana miaka sita, mdomo kama cherehani. Atajifanya mgonjwa na kulia. Nitasema maneno mawili matamu, atanyamaza. Mkuu ataona kwa macho yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Ng'ambo baada ya alasiri. Dada kakubali. Mumewe, Abbasi, ameuliza kama serikali inanilipa kufundisha watoto kulia. Nimemsamehe. Yeye ni seremala.

Tumefanya mazoezi: nikikohoa, Zuwena alie. Nikigusa tai, anyamaze. Kulia amelia vizuri mno, majirani wakaja kuuliza nimemfanya nini. Kunyamaza ndiko kulikomshinda. Nimevuta tai hadi ikanikaba. Mwisho amenyamazishwa na kipande cha sega la asali. Basi, Alhamisi asali itakuwa mfukoni.

Jumatano, 11 Juni

Nimemchagua Sayi, mwanafunzi kutoka Nzega, awe muuguzi wa mwanzo. Ni mpole, hasemi sana. Atashindwa kumtuliza mtoto, halafu nitaingia mimi.

Jioni nimemshauri Paskazia kirafiki kwamba mkuu hapendi maigizo hata kidogo, kwa hiyo yeye ahutubie tu. Amenishukuru kwa mikono miwili. Niliona aibu kidogo. Ilipita kabla sijafika getini.

Alhamisi, 12 Juni

Dada kapiga simu alfajiri. Zuwena kaamka mashavu yamevimba, ana matubwitubwi. Akaniomba nipite kumwangalia. Nikamwambia leo nina kipindi kuhusu watoto wagonjwa, sina nafasi.

Paskazia ameanza. Amekaa kitini, akasimulia habari za mtoto aliyekataa dawa wiki nzima. Darasa likacheka, kisha likatulia tuli. Ushauri wangu umemfaa.

Zamu yangu, mtoto sina; nikaliambia darasa kwamba mpwa wangu Zuwena amelala kwao Ng'ambo na matubwitubwi. Nikavua viatu, nikapanda kitandani, nikajifunika shuka. Nikatangaza kwamba mimi ni Zuwena, nina homa na sitaki sindano. Nia yangu ilikuwa kulia hadi Sayi ashindwe, kisha niamke nieleze alipokosea.

Sayi hakushika sindano. Alivuta kigoda, akakaa macho yake yawe sawa na yangu. Nikalia. Akangoja. Nikalia zaidi. Bado akangoja, hana haraka, kama watu wa kwao wanavyongoja ng'ombe wanywe maji. Nikachoka.

"Zuwena, unaogopa nini?" akauliza taratibu.

"Sindano."

"Na kingine?"

Hapo sijui nilipatwa na nini. Shuka lilikuwa na joto. Alikuwa amenishika mkono. Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema naogopa Paskazia atapewa somo. Nikasema nimemdanganya ili aonekane hafai.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema Sayi, akanifuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli.

Nikainua kichwa. Paskazia alikuwa amesimama mlangoni. Bibi Mwanamkuu alikuwa ameshika shavu kama mwenye jino bovu. Darasa zima lilikuwa linaandika.

Ijumaa, 13 Juni

Somo kapewa Paskazia. Mkuu ameniita akasema hajawahi kuona kipindi kizuri kama kile, maana yake Sayi. Habari ya ule ushauri wangu amesema tutaizungumza nikishapona. Sijui kama ni utani.

Nilipotoka kuswali nimemkuta Paskazia mezani kwangu. Nikajiandaa kutukanwa. Amesema hana kinyongo. Anaomba tu niwe mgonjwa wake kila muhula, kwa kuwa wanafunzi wamejifunza mengi kutoka kwangu. Nimeitikia.

Nikakumbuka Zuwena. Kufika Ng'ambo, dada amenipokea kwa salamu fupi. Paskazia na Sayi walishapita jana jioni, mtoto kacheka nao hadi mashavu yakamuuma. Mimi nilimwuliza Zuwena hali yake akageukia ukutani. Nimekaa naye kidogo, nikaona muda unakwenda, nikaondoka.

Nimetafakari sana usiku huu na kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa umri. Mtoto wa miaka sita hana siri. Ukimshika mkono tu, anamwaga yote. Muhula ujao, Paskazia akiniita kitandani, nitakuwa kijana wa miaka kumi na sita. Hao hawamwambii mtu kitu.