Kompyuta Inayoanguka Kwenye Herufi M

Lubumbashi, 9 Mei 1974

Citoyen Mkurugenzi,

Pokea heshima zangu pamoja na wa nyumbani kwako. Mimi ni Mukuka, mtoboaji wa kadi zinazosomwa na mashine katika ofisi ya kompyuta, na ninalia kwa niaba ya wote ambao majina yao yanaanzia M kwenda mbele.

1. Kompyuta huandika hati za unga wa wafanyakazi kwa mfuatano wa herufi. Wiki ya tatu sasa, ikifika M inaanguka, yaani inagoma katikati ya kazi. Kina Ilunga na Kabamba wanasonga unga na kula bukari, sisi tunanusa moshi wa jiko lao. Kwangu debe limebaki vumbi.

2. Mtengeneza programu, Citoyen Kalaba (tazama herufi yake), badala ya kuipiga mashine kofi kama tunavyofanya redio, anaiamuru itapike kwenye karatasi kila kitu kilichomo katika kumbukumbu yake. Makasha manne! Anayasoma kwa kalamu nyekundu, tumbo lake limeshiba.

3. Sasa amezidi. Ameiamuru itaje kila jina kabla ya kulishughulikia. Ikataja Mujinga, ikataja Mukuka, ikaanguka. Akanijia akitabasamu: "Papa, ugonjwa iko mu kadi yako." Kadi niliyoitoboa kwa mikono yangu! Nimeumia sana.

4. Kwa hiyo naomba uchunguzi huo upigwe marufuku, na wafanyakazi wote waamriwe kuchukua majina ya A hadi L. Tulishabadilisha majina ya Kizungu kwa amri ya serikali, na hakuna aliyekufa. Mimi niko tayari kuitwa Kakuka kuanzia Jumatatu.

Wasalimie bibi, watoto, na mlinzi wa lango lako, ambaye ni Mwansa, kwa hiyo ana njaa.

Mwananchi wako mtiifu,
Mukuka

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Kalaba amenionyesha kosa. Programu ina nafasi ya watoto kumi na wawili kwa kila mfanyakazi. Mimi, wiki tatu zilizopita, nilitoboa upya kadi yangu na kuweka thelathini na mmoja, maana watoto wa ndugu zangu ni wangu, sijui kuhesabu vingine. Ameitoa kadi yangu, mashine imekimbia hadi Z. Kesho wote watapata unga isipokuwa mimi, mpaka nipunguze watoto. Basi barua hii ichane. Nimewaandika wote kwenye karatasi ili nifute kumi na tisa, na kalamu imegoma kumfuta hata mmoja. Kalaba alisoma juu ya bega langu, akakuta jina lake kwenye mstari wa tisa, kwani ni mtoto wa binamu yangu. Amerudi mezani kwake kuipanua programu ipokee watoto thelathini na mmoja.