Mlima wa Rabai na Kichwa cha Pikipiki

Jumatatu, 12 Mei 1986

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja pale pale ambapo Hannah alikuwa akiweka beseni. Beseni lenyewe sijui liko wapi.

Nimeletewa ujumbe kutoka Rabai. Baba mkwe, Mzee Gona, anasema niende kwake Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, asubuhi. Wazee watakuwapo, tuyazungumze, na yakizungumzika nirudi na mke wangu. Hatimaye!

Bi Mahfudha, mwenye nyumba wangu hapa Malindi, amenishauri nipande basi Ijumaa, nilale huko huko, nikiamka niko mbele ya wazee. Huo ni ushauri wa mtu mwenye njaa. Ramadhani imeanza juzi tu. Niende kwa basi! Hannah aliondoka kwa sababu ya pikipiki. Siku ya Pasaka tulikwenda kwao, mlima ukaishinda injini, nikamwambia ashuke asukume. Alikuwa na gauni jeupe la kanisani. Kwaya nzima ilikuwa inapita. Akasukuma mpaka juu, akaingia kwao, hakutoka tena. Tatizo liko wazi: injini haina nguvu.

Alisema na mengine siku ile, habari za kutosikilizwa. Sikuyashika yote. Nilikuwa naangalia plagi.

Jumatano, 14 Mei

Mimi ni fundi wa redio. Injini ni redio yenye moshi, basi.

Pikipiki yangu ni ya aina ile ndogo ya kuchanganya oili na petroli. Kichwa chake cha silinda ni kipande cha aluminiamu tu, hakina vali wala makorokoro. Ukikisaga upande wa chini, kile chumba cha moto juu ya pistoni kinakuwa kidogo. Hewa na petroli vinabanwa zaidi, mlipuko unakuwa mkali. Nguvu nyingi kwa mafuta machache! Nashangaa waliotengeneza hawakuliwaza jambo hili.

Ili kisagike sawasawa, msasa lazima ulale juu ya kitu kilichonyooka kabisa. Nyumba hii kitu kama hicho ni kimoja: kioo cha Hannah cha kujipambia. Nimekichomoa mezani kwake. Atafurahi akijua kimesaidia.

Nimesaga mchana kutwa. Bi Mahfudha akagonga ukuta. Alisema sauti ile ni ya mtu anayekwangua ukoko wa wali, na yeye hajatia kitu kinywani tangu daku. Kisha Musembi akachungulia mlangoni. Huyu ni jirani, bwana shamba kutoka Ukambani. Serikali imempa pikipiki kubwa isiyo na moshi wala kelele, kama mwizi. Akasema kazi hii hufanywa kwa mashine, Mombasa, na kwamba hupunguzwa unene wa ukucha tu. Nikamjibu kwamba kucha za watu si sawa.

Ijumaa, 16 Mei

Balaa. Mama mkwe amekuja bila taarifa, kuchukua nguo za Hannah. Amenikuta nimepiga magoti sakafuni juu ya kioo cha bintiye, mikono myeusi hadi viwikoni. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shida.

Akakitazama kioo muda mrefu. Kimekwaruzika mistari, hata uso wangu sikuuona ndani yake. Akauliza, kwa upole mbaya, “Na Hannah akirudi, atajitazama wapi, mwanangu?”

Swali zuri. Nikamweleza habari za kubana hewa, tangu mwanzo. Nikamwonyesha kichwa chenyewe. Nikachora na picha sakafuni kwa chaki. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa, akafunga nguo katika kanga, akaaga. Nafikiri ameelewa.

Kabati sasa liko tupu. Linatoa mwangwi ukiligonga.

Jumatatu, 19 Mei

Ushindi! Nimefunga kila kitu leo. Kiki ya kwanza ilirudi nyuma ikanipiga ugokoni, nikalia. Ya pili, ikawaka. Mlio wenyewe ulikuwa mkali kama wa chombo kipya. Nimekwenda Ngomeni na kurudi. Petroli ambayo zamani ilikuwa ikiishia Mambrui leo imenipeleka na kunirudisha! Kwenye mchanga sikuteremka hata mara moja. Nilipiga kelele peke yangu barabarani. Laiti Hannah angekuwapo nyuma yangu.

Kuna kisauti kidogo tu injini ikilemewa, kama kokoto ndani ya mkebe. Musembi akakisikia akiwa uani. Akasema ile ni dalili mbaya, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, itaunguza pistoni, nisikisage kichwa tena na ikiwezekana niirudishie nafasi kwa gasketi nene kati ya kichwa na silinda. Wivu una masikio makali.

Ijumaa, 23 Mei

Leo Musembi amenipita njia ya Gede. Kimya kimya. Akanipungia na mkono.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kichwa tena, nikakisaga kidogo. Kisha kidogo tena. Gasketi ikachanika. Nimekata nyingine kwa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Imekaa.

Jioni Musembi akaja na maneno matamu. Alisema kesho hana kazi, anaweza kunipeleka hadi Rabai, na kurudi nirudi na Hannah kwa basi. Bi Mahfudha akaunga mkono, akaniletea na kaimati za futari ili nilainike. Kaimati nilikula. Lakini niingie kwa wakwe nimemshika Musembi kiunoni! Hannah lazima anione nikiupanda mlima ule mwenyewe, bila mguu kugusa chini. Nikamwambia Musembi ahsante, akalale.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa Rabai, kwenye ghala la mahindi la baba mkwe. Mahindi hayamo. Mna mbuzi.

Jana niliondoka mapema. Hadi feri ya Kilifi mambo yalikuwa mazuri, watu waligeuka kunitazama. Tukavuka. Baada ya Mavueni barabara ikaanza kupanda, na zile kokoto zikaanza kulia ndani ya mkebe. Nikaongeza moto. Zikalia zaidi. Nikaongeza. Kisha ukelele mmoja, kama wa paka aliyekanyagwa. Kimya. Mvua ikaanza.

Nilifungua kichwa pale pale chini ya mwembe wa watu. Pistoni imetoboka katikati. Kidole changu kinapita. Nikaichomoa, nikaitia mfukoni.

Basi la Kaloleni likasimama. Dereva, mtu mwema, akasema niiache pikipiki kwa mwenye duka aliye pale, nipande, wazee nitawawahi. Niiache! Niende mbele ya Mzee Gona kwa basi, kama mtu asiye na chombo! Nikamwambia aende. Nikasukuma. Nikasukuma. Mchana ukapita. Lori la nazi likanihurumia, likanipakia mimi na pikipiki, likanishusha chini ya mlima wa kina Hannah. Mlima nikausukuma peke yangu. Kwaya haikuwapo.

Jua lilikuwa limeshakwenda. Wazee walikuwa wameondoka. Viti walivyokalia bado vilikuwa vimezunguka uani, vimelowa. Mzee Gona aliitikia salamu yangu, akaingia ndani. Heri angenitukana.

Hannah alikuwa ameketi barazani. Amesuka nywele. Gauni jipya. Miguuni pake palikuwa na sanduku, limefungwa kwa kamba tayari. Mama mkwe alisema limekuwa pale tangu asubuhi. Wazee walipoaga walimwambia aliingize ndani, akakataa, akasema huenda niko njiani.

Nikamwonyesha pistoni, aone mwenyewe kwamba si uzembe. Aliishika mkononi, akaigeuza. Machozi yakamtoka. Akasema, “Joram, mimi sikutaka pikipiki ipande mlima. Nilitaka wewe ufike.”

Akaichukua kamba ya sanduku, akaifungua, akaanza kurudisha nguo zake ndani ya nyumba, moja moja. Nilisimama mlangoni. Nikauliza kama kuna mtu kijijini mwenye tupa.

Asubuhi Mzee Gona amenena. Maneno mengine yatakuwa baada ya mavuno, kama yatakuwapo.

Jumanne, 27 Mei

Nimerudi Malindi juu ya lori la makaa. Bi Mahfudha alinitazama tu, akanitengea futari bila kuniuliza. Musembi naye hakuniuliza, na hilo limeniudhi zaidi. Alisema kazi inampeleka Kaloleni mara kwa mara, nikiwa na neno la kumpelekea Hannah atalifikisha. Nikasema sina.

Nyumba iko kimya. Usiku mvua ilivuja kitandani. Nimehamia upande wa Hannah.

Nimeyawaza sana maneno yake. Nimeyageuza huku na huku, kwani si mimi ninayesemwa sisikilizi? Na nimeyaelewa. Alisema alitaka nifike. Hakulalamikia mlima tena! Nguvu imekubalika, sasa analalamikia kuchelewa. Kuchelewa ni suala la mwendo. Kichwa hakikuwa na kosa lolote, kosa ni la moshi kutotoka upesi, ndiyo maana pistoni ilipata joto. Lile tundu la ekzosi kwenye silinda ni jembamba mno, mtoto anaweza kuliona. Likipanuliwa, natoka Malindi watu wakinywa chai na wazee hawajakalia viti.

Mavuno bado mbali. Nafasi ninayo tele.

Kesho asubuhi naenda dukani kutafuta tupa ya mviringo.