Wadau Waliokuja na Ndoo

Tik. Kimya. Tik, tik.

Ni kome hao, ndani ya ndoo ya mama chini ya meza yetu, gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajakohoa. Wanafungua midomo kidogo, wanatema mchanga, wanafunga. Mwanangu Kidoti hulala vizuri akiwasikia. Alfajiri ile mimi nilikuwa macho, kwa sababu ndani ya mkoba wangu wa kazi mlikuwa na tangazo kubwa, nililolichapa kwa mikono yangu, nalo lilisema hivi:

"Kamati ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira ya Mradi wa Kuongeza Kina cha Bandari ina furaha kuutangazia umma kwamba bahari imefanyiwa tathmini, na imefaulu."

Mimi ni karani wa Kamati hiyo. Kazi niliipata baada ya miaka mitatu ya masomo ya jioni, mama akimbeba Kidoti mgongoni huku mimi nikijifunza kupanga majalada. Kwa hiyo msitegemee niiseme vibaya Kamati. Kamati ilifanya kazi. Bandari yetu ina kina cha mita kumi, na meli kubwa za mizigo zinataka mita kumi na sita. Mita sita za matope lazima ziondolewe na zimwagwe mahali. Swali lilikuwa moja tu: wapi?

Hadidu za rejea zilijibu vizuri kabisa. Matope yatamwagwa pale ambapo Jedwali la Viumbe lina sifuri. Pasipo na kiumbe, hakuna athari. Pasipo na athari, hakuna kelele. Ni kweli kwamba hadidu hizo zilinakiliwa kutoka mradi wa barabara ya msituni, neno "msitu" likafutwa na "bahari" ikawekwa. Ndiyo maana kifungu cha tisa kinazitaka meli zipunguze mwendo tembo wanapovuka. Mpaka leo hakuna tembo aliyegongwa na meli, na Kamati inahesabu hayo kuwa mafanikio.

Samaki nao walishirikishwa. Tangazo lilitiwa ndani ya plastiki, likafungwa kwenye boya, maandishi yakielekea chini, na samaki wakapewa siku thelathini za kuleta maoni kwa maandishi. Hakuna aliyeleta. Mwenyekiti aliuita ukimya ule "ushirikiano wa kupigiwa mfano".

Kisha Kamati ilikwenda kuukagua ufuko wa kome, ule ulio mbele ya mtaa wetu. Ukaguzi ulifanyika kutoka kwenye baraza ya hoteli moja nzuri, kati ya chai na chakula cha mchana, kwa darubini. Wajumbe walitazama kwa zamu. Waliona maji. Wakageuza darubini upande wa pili, wakaona maji yaleyale. Mtaalamu, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, akaandika: *Viumbe: sifuri.*

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo ndani ya mkoba. Matope ya mita mbili juu ya ufuko ambao mama ameuinamia tangu sijazaliwa, mahali tunapokula, mahali Kidoti alipojifunzia kutembea kwa sababu akianguka haumii.

Mama alipoamka nilimsomea yote. Alisikiliza huku anafunga khanga.

"Mlienda saa ngapi?"

"Saa nne na nusu asubuhi."

"Siku gani?"

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, vidole vyake vile vilivyopasukapasuka kwa chumvi, halafu akacheka mpaka akaketi.

"Mwanangu, mlienda maji yamejaa! Sasa mlitaka kome wawapungie mkono?"

"Mama, hadidu za rejea hazisemi kitu kuhusu maji kujaa."

"Msitu haujai maji, ndiyo maana." Akaitazama ile ndoo. "Wakishafukia, nitaokota nini? Mafaili?"

Nilikuwa na kifungu tu. Kifungu cha kumi na nne: *Mdau yeyote anaweza kumleta kiumbe ofisini, siku na saa za kazi, ili aorodheshwe.* Huko msituni nadhani kiliwekwa kwa ajili ya vinyonga. Hakuna aliyewahi kukitumia. Lakini mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba kifungu hakizeeki kikiwa hakijafutwa, na mimi mambo ya mwalimu yule nayaamini.

"Mama," nikasema, "ofisi inafunguliwa saa mbili."

Saa mbili kasoro walikuwa wamefika. Mama mbele, nyuma yake wanawake wa ufukoni kama arobaini, na ndoo, mabeseni, masufuria, mmoja na kikapu cha mtoto. Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikazunguka gari la Mwenyekiti. Maji ya chumvi yakaanza kutiririka kwenye kapeti. Mtaalamu akatoka na fomu zake, akakaa, akachagua kalamu.

"Mdau wa kwanza. Umemleta nani?"

"Kome," akasema mama.

"Kazi yake?"

"Kukaa kwenye matope."

"Anwani?"

"Matope hayohayo."

"Ameishi hapo kwa muda gani?"

"Ukimaliza kuuliza hayo muulize bibi yangu, Mungu amrehemu. Alimkuta."

Mtaalamu akaandika. Ni kijana mwadilifu; fomu ikiwa na nafasi lazima aijaze. "Kiumbe ana pingamizi lolote kuhusu mradi?"

Mama akamweka kome sikioni. Foleni nzima ikasogea mbele.

"Anasema anayo matatu," akasema mama, "lakini mawili ni matusi."

Muhuri ukagongwa. Kome namba moja akarudishwa kwenye ndoo. "Namba mbili!" Hivyo hivyo mpaka jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Mjumbe mmoja alijaribu kusema kwamba kome wote wanafanana, waandikwe kwa jumla. Mama wa kikapu akamjibu, "Hata nyinyi wajumbe mnafanana, baba, mbona kila mmoja ana kiti chake?" Hoja ikaondolewa. Kaa mmoja alitoroka kutoka kwenye sufuria akapotea siku nzima. Alipatikana kwenye trei ya Mwenyekiti, chini ya barua za haraka. Kwa kuwa alikuwa amehudhuria kikao mwanzo hadi mwisho bila kusinzia, aliorodheshwa pia.

Nilihofia Mwenyekiti angekasirika. Wapi! Aliingia siku ya tatu, akaruka dimbwi, akatazama rundo la fomu, macho yakamng'aa.

"Binti, hizi zote zinaingia kwenye ripoti?"

"Zote, Mheshimiwa. Viumbe elfu moja mia tatu na kumi na wawili."

"Safi sana!" Mwenyekiti hupima ripoti kwa mkono, kama mtu anayechagua tikiti maji. Anaamini ripoti nene haina mpinzani. "Hii sasa ndiyo tathmini. Waziri ataibeba kwa mikono miwili."

Ufuko wa kome ukatoka sifuri ukaongoza jedwali zima. Usiku huo mama alikaanga kome, hao ambao hawakuwa na namba. Ila kwangu kazi ilikuwa bado haijaisha, kwa sababu matope bado yalihitaji mahali, na kazi ya karani ni kutafuta sifuri nyingine.

Nikapitia ramani yote. Kila mahali palikuwa na kitu: matumbawe, nyasi za bahari, kasa wawili, mzee mmoja anayelala kwenye mashua mbovu. Sifuri ilibaki moja tu. Kiwanja Namba Tisa, kule kwenye rasi, doa jeupe kabisa. Hata cheti kilikuwepo kwenye jalada: *Inathibitishwa kwamba Kiwanja Namba Tisa hakina binadamu, jengo, mti wala mnyama.* Saini ya Mwenyekiti. Nilikichapa mimi mwenyewe, mwaka juzi.

Hapa naomba nieleweke. Mtu akijenga karibu na maji anatakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira. Mtu asiyejenga hatakiwi kufanyiwa lolote. Kwa hiyo Mwenyekiti, mtu mwenye shughuli nyingi, alikuwa amejenga pale kwa utaratibu wa kutojenga. Nyumba ile naijua. Nimepeleka mafaili ya kusainiwa pale mara tatu. Ina vioo kutoka sakafuni hadi darini, na mbwa mweupe aliye na kitanda chake. Mara moja mama alikuwa ufukoni, nikaenda na Kidoti; akapewa juisi, akalala kwenye kiti kikubwa mpaka nikaona aibu kumwamsha.

Lakini karani haandiki alichokiona kwa macho. Anaandika kilichomo kwenye jalada. Nikaandika: *Kiwanja Namba Tisa. Viumbe: sifuri.* Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Hata hivyo nina roho ya binadamu. Siku ya kusaini nilisimama mbele ya meza yake, nimeweka karatasi nyekundu kwenye ukurasa ule.

"Mheshimiwa, ningeomba upitie kidogo hapa, mia mbili na kumi na mbili."

Akacheka kwa upole, akaigeuza ripoti yote kwa mpigo mmoja. "Mama Kidoti, mimi ni mtu wa ukurasa wa mwisho."

Akasaini. Nikachomoa karatasi yangu nyekundu. Karatasi zile huwa hazitoshi ofisini.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya jua zuri. Maturubai yalifungwa gatini, viti vya plastiki vikavalishwa vitambaa. Wanawake wa ufukoni walikaa nyuma, wamevaa vizuri, wakijiita wadau. Kidoti alichaguliwa kumpa Waziri maua na kusema "Karibu Mheshimiwa Waziri", kwa hiyo alisimama karibu na jukwaa, kipaza sauti mkononi, soksi moja imeshuka. Nilimfanyia ishara aipandishe. Akanipungia.

Mwenyekiti alihutubia dakika hamsini. Aliitaja sayansi mara kumi na saba. Kisha Waziri akabonyeza kitufe. Meli ya kunyonya matope ikanguruma, bomba refu linaloelea likatikisika kama nyoka aliyeshiba, na kule kwenye rasi mkondo mweusi ukaruka juu, ukapinda hewani, ukatua. Makofi. Mwenyekiti alipiga makofi kuliko wote, mpaka alipofuata kwa macho mkondo ulikotua.

Simu yake ikalia. Tulio karibu tulisikia sauti ya mkewe bila kujitahidi.

"Baba nanihii! Matope yanaingia sebuleni! Nimetoka nje na mbwa tu!"

Mwenyekiti akaifunika simu kwa kiganja. Shingo ilikuwa imelowa jasho.

"Kuna tatizo?" akauliza Waziri.

"Hapana, Mheshimiwa. Ila, labda, kwa tahadhari ya kitaalamu, tungesimamisha kidogo."

Waziri akatazama rasi, mkono juu ya macho. "Mbona naona kama paa? Kuna watu kule?"

Mtaalamu, kijana mwadilifu, alikwisha fungua ripoti mahali panapohusika. Akasoma kwa sauti: hakuna binadamu, jengo, mti wala mnyama. Akamwonyesha Waziri cheti.

"Hii saini ni ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa," akasema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayemeza kome na ganda lake.

"Basi nijibu wewe. Kuna nyumba pale, au hakuna?"

Simu ilinyamaza, nadhani mkewe naye alikuwa anasubiri jibu. Akisema ipo, cheti ni cha uongo. Akisema haipo, bomba liendelee. Nilimwona akinitafuta kwa macho, na mimi, kwa heshima zote, nikayaangalia maua ya Kidoti.

"Hakuna, Mheshimiwa," akasema Mwenyekiti.

"Vizuri sana. Ongezeni kasi."

Injini ikapanda. Kidoti akageuka kutazama rasi, akasahau maua, akasahau salamu, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni pake na spika zote sita zilikuwa zinafanya kazi.

"Mama, mimi nilikunywa juisi kwenye nyumba ile."